Dawa ya Dogo Ilikuwa Kabatini, Ufunguo Ulikuwa Mjini

Mliokuja kutafuta nani kaachana na nani, leo mtanisamehe, ubuyu wa leo ni wa shule ya msingi. Msiondoke lakini. Ndani yake kuna ufunguo uliotafutwa kama almasi, kuna voisi ya WhatsApp iliyotaka kuwatoa wazazi roho, na kuna mwalimu mkuu niliyeenda kwake nimenuna nikatoka tunacheka. Majina yote kapuni. Shule nayo kapuni. Jueni tu ni hapa hapa Iringa mjini, na mimi naishi Mlandege, nauza nguo za watoto za mtumba, nusu sokoni nusu mtandaoni.

Naishi na mtoto wa dada yangu. Tumwite Dogo. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, ananiita mamdogo. Mama yake yuko Dodoma kikazi, anatuma hela kila mwisho wa mwezi na anapiga simu ya video kila usiku, kwa hiyo msianze kumsema. Dogo ana pumu. Aligundulika akiwa na miaka minne, baada ya miezi mingi ya kuambiwa ni kifua cha baridi.

Na hapo niseme kitu kuhusu mji wetu. Iringa ukikohoa hakuna anayeshtuka. Juni na Julai baridi inakung'ata mpaka kwenye mfupa, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Ikifika Septemba na Oktoba baridi inapungua, vumbi linashika zamu. Kila mtu ana kikohozi chake cha msimu. Ndiyo maana mtoto mwenye pumu anaweza kuishi mwaka mzima akinywa tangawizi na asali na kupakwa mafuta ya kuchua, huku njia zake za hewa zinabana kidogo kidogo na nyumba nzima inasema "ni hali ya hewa tu".

Dogo ana dawa mbili za kuvuta. Moja ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima kabisa. Hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, na akishaivuta anasukutua mdomo kwa maji. Hiyo inakaa nyumbani. Ya pili ni salbutamol, ile ya bluu mnayoiona kwenye muvi, ya kufungua kifua kikibana. Hiyo ndiyo inayotakiwa iwe karibu naye popote alipo. Na popote alipo, siku tano za wiki, ni shuleni.

Alipohamia shule hii nilipeleka inhela yake mwenyewe na barua ya daktari. Nikapokelewa vizuri tu. Nikaambiwa utaratibu wa shule ni kwamba dawa zote za wanafunzi zinakaa kwenye kabati la ofisi, na ufunguo anao mwalimu wa afya. Nikauliza, na mwalimu wa afya asipokuwepo? Nikajibiwa, "Usijali, yupo kila siku."

Jumatano moja ya Septemba hakuwepo.

Mliosoma shule za serikali mnajua asubuhi inavyoanza. Kabla ya mstari kuna usafi. Wengine wanamwagilia maua, wengine wanafagia uwanja kwa fagio za chelewa. Uwanja wenyewe udongo mtupu, na mwezi wenyewe Septemba. Siku hiyo kundi la Dogo lilikuwa la uwanja. Akafagia kama wenzake, maana hakuna mtoto wa miaka tisa anayetaka kuwa yule anayekaa pembeni. Kufika kipindi cha kwanza kifua kikaanza kupiga filimbi.

Alifanya kila kitu sahihi, na hili naomba mlishike. Alinyoosha mkono, akamwambia mwalimu wa darasa, "Madam, kifua." Madam akampeleka ofisini mwenyewe. Kabati limefungwa. Mwalimu wa afya kaitwa halmashauri kwenye semina, na ufunguo kaondoka nao kwenye pochi. Wakampigia, simu haipokelewi, yuko ndani ya kikao. Wakatafuta ufunguo wa akiba. Mmoja anasema anao mhasibu, mwingine anasema ulipotea tangu mwaka juzi. Dawa wanaiona kwa macho, maana kabati lina mlango wa kioo. Fikiria hiyo picha, mtoto anavuta hewa kama anaivuta kupitia mrija wa juisi, na dawa yake iko hatua mbili mbele yake, nyuma ya kioo.

Waliomzunguka walikuwa watu wazuri. Mmoja alimpepea na daftari. Mmoja alimletea maji ya moto. Mmoja alitaka alale chali apumzike, Dogo akakataa kwa kichwa, kwa sababu alishafundishwa kwamba kifua kikibana unakaa wima, unaegemea mbele kidogo. Madam ndiye aliyenipigia. Inhela ya pili huwa naiweka kwenye droo kibandani kwangu, nikaichukua na chupa yake, nikadandia bodaboda. Sikumbuki hata kama nilivaa kofia.

Nilimkuta kwenye ngazi za ofisi, mabega yanapanda na kushuka, ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta pumzi. Nikamuuliza jina la shule yake ya zamani, akanijibu neno moja moja. Hiyo ndiyo kazi ya lile swali, mtoto akishindwa kumaliza sentensi ujue hakuna muda. Nikamvutisha, pumzi moja ya dawa, anahema ndani ya chupa mara tano sita, kisha nyingine, mpaka nne. Nikasubiri. Nikarudia huku bajaji inatusubiri nje kwa safari ya hospitali. Mwalimu wa afya alipiga wakati tuko njiani, analia. Kuanzia Dogo aliponyoosha mkono mpaka alipopata dawa zilipita dakika thelathini na tano.

Hospitali walimwekea mashine ya mvuke, wakamwangalia mpaka jioni, tukarudi nyumbani. Usiku akaniuliza, "Mamdogo, kwa nini hawakuvunja kioo?" Nikakosa jibu. Mpaka leo naona ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye ile shule mwaka ule.

Ijumaa nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kama mtu anayekwenda kesi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

Nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akaniambia, "Ngoja na mimi nikueleze kabati lile lilifungwaje." Miaka ya nyuma, kwenye shule nyingine aliyofundisha, mtoto mmoja alikuja na vidonge vya presha vya bibi yake, akawagawia wenzake kama pipi. Watatu walilazwa. Mwalimu wa zamu aliandika maelezo polisi. "Tangu siku ile mimi dawa nafunga. Nina watoto zaidi ya mia tisa, mwanangu. Siwezi kulinda kila mfuko."

Nikaelewa. Hasira zangu zilikuwa na haki yake, na hofu yake ilikuwa na haki yake. Tatizo ni kwamba kanuni moja ilikuwa inafungia vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo. Vidonge vya presha vya bibi havina kazi yoyote kwa mtoto, na vikikaa nyuma ya kufuli ni salama ya wote. Inhela ya mwenye pumu ikikaa nyuma ya kufuli, hatari ndiyo inaongezeka. Kengele ya moto huifungii kabatini eti watoto wataichezea.

Kuna jambo lingine lilikuwa linanisumbua zaidi, nikamwambia. Muhula uliopita, shule hiyo hiyo iligawa dawa za minyoo kwa watoto wote asubuhi moja. Tangazo lilitoka mapema, tukaambiwa watoto wale vizuri kabla ya kuja. Walimu walikuwa na orodha, maji safi, vikombe, na muuguzi wa zahanati amekaa chini ya mti. Kila mtoto akameza kidonge chake mbele ya mwalimu, akawekewa alama kwenye daftari. Kufika saa nne kazi imeisha. Kwa hiyo uwezo wa kumpa mtoto dawa kwa utaratibu, shule inao! Mia tisa wanaweza. Mmoja ndiye aliyekosa utaratibu.

Na hata ule wa minyoo haukupita kimya. Usiku wa kuamkia zoezi, kwenye grupu la wazazi ikaingia voisi ya mama mmoja mwenye sauti ya uchungu: "Jamani msiwapeleke watoto kesho, hizo dawa zinaharibu kizazi, Morogoro watoto walikufa." Ikasambazwa mara mbili, mara tatu. Baba mmoja akasema wake habanduki nyumbani. Mimi nikaenda kusoma kuhusu hiyo Morogoro, maana jina likitajwa sana huwa kuna moshi mahali.

Moshi upo, ila siyo huo wa kwenye voisi. Mwaka 2008 mkoani Morogoro kweli lilitokea zogo kubwa wakati shule zinagawa dawa za kichocho na minyoo. Dawa ya kichocho inaitwa praziquantel. Ni dawa nzuri, imetumika dunia nzima kwa miaka mingi, lakini inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa mtoto akiimeza bila kula. Sasa vuta picha, wazazi wengi hawakuelezwa vya kutosha, watoto wanaanza kujishika matumbo na kutapika, uvumi unatembea kuliko gari la wagonjwa, kwamba dawa zimeisha muda, kwamba ni za kufunga uzazi, kwamba kuna waliokufa. Wazazi wakavamia shule kuchukua watoto wao, vurugu zikazuka, na ugawaji ukasimamishwa. Waliokuja kuchunguza baadaye walikuta kwamba wazazi walikuwa na maswali ya maana kabisa, ila hakuna aliyekuwa amewajibu kabla.

Hilo ndilo nililoliandika kwenye grupu usiku ule. Nikaongeza kwamba kidonge cha minyoo cha albendazole ni kimoja cha miligramu 400 kwa mtoto yeyote wa rika la shule, na kwamba ile fimbo yenye alama wanayopimia watoto urefu kwenye maeneo ya kichocho siyo uchawi, ni njia ya kujua mtoto anahitaji vidonge vingapi vya praziquantel pale ambapo hakuna mizani. Muuguzi mmoja mzazi mwenzetu akaingia kujibu maswali mpaka saa tano usiku. Asubuhi yule baba alimleta mtoto mwenyewe, na chapati mbili mkononi. Maneno yale yale ya kizazi yamerudi kwenye chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa kwa wasichana nchini tangu 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Mzazi akijibiwa mapema, mtoto anapata chanjo. Akiachwa na voisi, mtoto anafichwa nyumbani.

Turudi ofisini. Mwalimu mkuu akaniuliza, "Sasa wewe unapendekeza nini?" Nikatoa karatasi moja. Nilikuwa nimeiandika usiku na dada kwenye simu.

Ina mistari michache tu. Jina la mtoto na darasa. Ugonjwa. Dawa gani, kiasi gani, inatolewaje. Dalili za kuanza kumpa. Dalili za kutosubiri: hawezi kuongea sentensi, midomo inageuka rangi, anasinzia, au dawa imetolewa na hakuna nafuu. Namba mbili za simu, siyo moja. Dawa inakaa wapi. Walimu wawili wanaojua kuitoa, siyo mmoja. Mwisho sahihi ya mzazi inayosema naruhusu mtoto wangu apewe, maana walimu nao wanaogopa, wakimpa na likatokea la kutokea lawama ni zao.

Tukakubaliana hivi. Inhela moja inakaa na Dogo kwenye kipochi kiunoni, na yeye anajua siyo ya kuazimisha. Ya pili inaning'inia kwenye msumari ofisini, juu, watoto hawafikii, mtu mzima yeyote anafikia. Vidonge vyote vingine vinabaki kabatini, na ufunguo wa pili unakaa kwa mwalimu wa zamu. Dogo hafagii uwanja. Anamwagilia maua, na kazi ya maua ameipenda mpaka sasa anaringa.

Wiki iliyofuata muuguzi akaja, akawaonesha walimu dakika kumi tu. Alitumia chupa ya maji ya nusu lita. Unaiosha kwa maji ya sabuni, unaiacha ikauke yenyewe bila kuifuta, unatoboa tundu kwenye kitako linalokaza mdomo wa inhela, mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa. Mnaodhani ni ushamba, mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti kwenye jarida la Lancet, wakaonesha kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu chupa ya aina hiyo ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani. Na kopo la salbutamol lina mipulizo 200. Uingereza tangu Oktoba 2014 shule zinaruhusiwa kununua na kutunza inhela za dharura zake zenyewe. Sisi tumeanza na msumari mmoja, siyo mbaya.

Nilidhani ubuyu umeishia hapo. Nikapiga picha karatasi yetu, nikaitupia kwenye grupu, nikapendekeza kila mzazi mwenye mtoto anayetumia dawa ajaze ya kwake, zibandikwe ofisini. Likes za kutosha. Usiku ikaingia simu, namba ngeni.

"Dada, samahani, wewe ndiye mamdogo wa yule mtoto wa pumu?"

"Ndiyo dada, karibu."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Na mimi wangu anatumia dawa. Ila hiyo karatasi sitaki ibandikwe popote."

Sikumuuliza dawa gani. Hakuna haja. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliiweka Iringa kwenye asilimia 11.1 ya maambukizi ya VVU kwa watu wazima, tukiwa nyuma ya majirani zetu Njombe. Kwenye kila darasa la mkoa huu unaweza kuwa na mtoto anayebeba siri ambayo hakuichagua, na wakati mwingine hata yeye bado hajaambiwa jina lake. Mama yule alikuwa na hofu moja tu, kwamba kampeni yangu ya uwazi itamlazimisha aseme, au kwamba mwanae atakuwa ndiye pekee asiye na karatasi na watu wataanza kuhesabu.

Nililala nimekodoa macho. Mtoto wangu anaokolewa na kila mtu kujua. Mtoto wake analindwa na watu kutojua. Shule ni moja, ukuta ni ule ule.

Jumatatu nikarudi kwa mwalimu mkuu na kuomba tubadilishe. Hakuna kubandika. Karatasi zinakaa kwenye faili analofungua mwalimu wa afya na msaidizi wake tu. Kinachobandikwa ni bango la jumla bila jina la mtoto yeyote: akibanwa kifua fanya hivi, akianguka kifafa mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, zikipita dakika tano kimbiza hospitali, mwenye seli mundu mpe maji kila akiomba na ruhusa ya chooni bila maswali, maana kwake ruhusa nayo ni dawa. Na dawa ambazo mtoto anaweza kunywa nyumbani, zinywewe nyumbani. Dawa nyingi za watoto za VVU siku hizi ni mara moja kwa siku, hakuna sababu zipite shuleni. Nilimtumia yule dada ujumbe wa mistari miwili. Akajibu kwa emoji ya mikono iliyoshikana, basi. Hatujaonana mpaka leo, na sijamtafuta.

Mnaojiuliza kuhusu mwalimu wa afya, hajafukuzwa kazi, msitafute damu. Aliomba msamaha akiwa amesimama, mbele ya Dogo, kitu ambacho sijaona mtu mzima akimfanyia mtoto mara nyingi. Sasa ndiye anayekagua kipochi kila Jumatatu kuona kama dawa imebaki.

Sasa nyie wenye watoto, wadogo zenu, wajomba, wapwa mnaolea mjini huku wazazi wao wakitafuta. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka matibabu kwenye wajibu wa mzazi na mlezi, kwa hiyo hata kama wewe ni mamdogo tu kama mimi, una haki ya kuuliza. Usiende na ugomvi, nenda na maswali manne. Dawa ya mtoto inakaa wapi? Nani anaifikia mwenye ufunguo asipokuwepo? Walimu wangapi wanajua kuitoa? Siri ya mtoto inamfikia nani? Ukijibiwa "usijali", uliza tena, taratibu, kwa heshima.

Komenti ziko wazi. Wauguzi na walimu mnaosoma kimya kimya, leo njooni mseme, hasa nyie walimu, maana najua mnabebeshwa mengi na mshahara ni ule ule. Ila mtu akitaja jina la shule au la mtoto, nafuta hapo hapo.